Magonjwa ya kurithi: maswali ambayo familia za Nairobi huniuliza mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kwa watu: akina mama wa chama baada ya mkutano wa Jumapili, wachumba wanaojiandaa kwa harusi, vijana walioitwa hospitalini usiku kwa sababu baba ameanguka. Mimi ni muuguzi, na nina dada aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa hiyo jambo hili nalijua kazini na nyumbani. Nimejibu kwa urefu pale ambapo nimeona watu wakiumia zaidi.

Jeni ni nini?

Ni agizo la mwili lililoandikwa kwa kemikali iitwayo DNA, ambayo vipande vyake tunaviita herufi, na linapatikana karibu katika kila seli yako. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, nazo zimepangwa kwenye jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi za DNA. Katika kila jozi, kromosomu moja umepewa na mama na nyingine na baba, ndiyo maana jeni nyingi unazo nakala mbili. Nakala hizo zinaweza kutofautiana kwa herufi moja tu. Mara nyingi tofauti hiyo haidhuru kitu. Ni sehemu ya yale yanayoifanya pua yako isifanane na ya jirani. Lakini zipo herufi chache ambazo zikibadilika, maisha yote hubadilika.

Mama ana kisukari na baba ana presha. Je, nami ni lazima niugue?

Si lazima. Tumezoea kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wengi huja kliniki wakiwa wamejihukumu hivyo. Kwa kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata watu wengi ukubwani, methali hiyo haisaidii. Hakuna jeni moja ya kisukari hiki. Ziko mamia, kila moja ikiongeza hatari kidogo sana. Iliyo na nguvu zaidi miongoni mwa zile za kawaida inaitwa TCF7L2, iligunduliwa 2006, na hata hivyo watu wengi walio nayo huishi hadi uzeeni bila kuugua.

Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana kisukari, hatari yake ni kama mara mbili au tatu ya mtu asiye na mgonjwa kwao. Hiyo ni hatari ya kweli, usiipuuze. Lakini sikiliza upande wa pili. Mwaka 2002 Marekani walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliosaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 hivi na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 katika muda wa miaka mitatu hivi. Baadaye wakaangalia waliobeba ile TCF7L2 iliyo hatari zaidi: nao pia walifaidika.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Ukishuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya chako ukaenda kwa miguu, umezipata bila kulipa mtu. Na kama mzazi wako ana kisukari, usingoje kiu na mkojo wa usiku ndipo upime. Anza mapema, hata ukiwa na miaka thelathini na kitu. Presha nayo haiumi. Watu hutembea nayo miaka mingi wakijisikia wazima hadi siku ya kiharusi, kwa hiyo aliye na mzazi mwenye presha apime angalau mara moja kila mwaka na apunguze chumvi.

Mimi na mume wangu ni wazima kabisa. Mtoto wetu ameipata wapi selimundu?

Kwenu nyote wawili, kwa kiasi sawa. Naomba jibu hili lisomwe na mashangazi pia, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi huvunjika.

Ugonjwa huu, ambao wengi Nairobi huuita siko seli, hutokana na kosa la herufi moja katika jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Palipopaswa kuwa na herufi A ya DNA pana T. Himoglobini inayotengenezwa kwa agizo hilo hugandamana oksijeni inapopungua, na seli nyekundu ya damu iliyokuwa laini na ya duara hujikunja kama mundu. Seli za namna hiyo huziba mishipa midogo, ndiyo maana mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Tena hufa upesi kuliko seli za kawaida, na hapo ndipo upungufu wa damu unapotokea.

Nakala ya jeni yenye kosa hilo huitwa S, na iliyo nzima huitwa A. Ili mtoto awe na ugonjwa wenyewe, yaani SS, ni lazima apewe S moja na mama na S moja na baba. Mzazi mwenye S moja na A moja, yaani AS, kwa kawaida haugui, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. AS wawili wakizaa, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, nafasi 2 kati ya 4 za AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Nimekutana na wazazi waliodhani kwamba wa kwanza akishaugua, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Mimba haikumbuki iliyoitangulia. Kila moja huanza hesabu upya.

Mama yangu aliishi miaka mingi akiambiwa ameleta ugonjwa katika boma la watu. Alinyamaza, maana hakuwa na la kujibu. Nilipojifunza haya chuoni nilirudi nyumbani nikamchorea kwenye karatasi, A na S zake, A na S za baba. Baba alikuwepo. Akaichukua ile karatasi akaiweka mfukoni, na tangu siku hiyo sikusikia tena neno lile nyumbani kwetu.

Wazee wanasema ni laana, au mtu amerogwa.

Sitamdharau mzee anayesema hivyo. Ameona watoto watatu wa nyumba moja wakizikwa na nyumba ya jirani haikuguswa, akatafuta maelezo. Alichoona ni cha kweli: ugonjwa unafuata ukoo. Sababu ndiyo niliyoieleza hapo juu. Kama familia inataka kuomba, na iombe, lakini mtoto apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

Kwa nini selimundu iko zaidi kwa watu wa Nyanza, Magharibi na Pwani?

Kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949 akaona kwamba S ni nyingi kando ya Ziwa Victoria na pwani, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mtoto wa AS anaweza kuugua malaria, lakini si rahisi imuue. Kwa karne nyingi watoto hao walisalia wakakua wakazaa, na S ikabaki. Kitu kilichookoa wengi ndicho kinachowaumiza wachache waliopewa mara mbili.

Nairobi iko juu na ina malaria kidogo, lakini nusu ya mji huu ina kwao kwingine. Mtoto aliyezaliwa Pumwani na asiyewahi kuona ziwa bado amebeba jeni za babu yake wa Siaya. Na katika mji huu watu wa kila pembe wanaoana, kwa hiyo usiseme "kwetu hakuna" kwa kuangalia kabila lako.

Tumepimwa kabla ya harusi, sote ni AS. Tuachane?

Uamuzi huo ni wenu, na ole wake muuguzi atakayewaamulia. Kazi yangu ni kuhakikisha mnajua mnachoamua.

Kwanza, hakikisheni kipimo. Kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja huonyesha kwamba S ipo, lakini hakiwezi kutofautisha AS na SS. Mnahitaji kile cha kutenganisha himoglobini, elektroforesisi. Mtu aliyeongezewa damu hivi karibuni angoje miezi mitatu hivi, la sivyo mtapima damu ya aliyemchangia.

Pili, mtoto wa SS wa leo si wa enzi za nyanya zetu. Akigunduliwa mapema, hupewa penisilini hadi afikishe miaka mitano, chanjo ya nimonia, na dawa ya kumkinga na malaria. Kuna pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliofanywa Kilifi pamoja na vituo vya Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulionyesha kwamba watoto walioinywa walipata maumivu kidogo, waliongezewa damu mara chache, na waliofariki walikuwa wachache zaidi. Tiba ya kurekebisha jeni zenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, lakini bei yake haifikiki kwa familia zetu.

Ninalowaomba viongozi wa makanisa ni moja: kipimo hiki kisiombwe wiki mbili kabla ya harusi, mahari yameshatolewa na hema limeshalipiwa. Hapo wachumba hawana tena nafasi ya kufikiri. Kiombwe mwanzo wa mafunzo ya ndoa. Na wakiamua kuoana, mtoto apimwe akiwa mchanga kwa kile kipimo kamili, maana katika miezi ya kwanza kile cha haraka kinaweza kudanganya.

Saratani ya matiti ilimuua mama na mama mdogo. Mimi je?

Hapo nakusihi uende ukazungumze na daktari mwezi huu.

Saratani nyingi za matiti si za kurithi. Zinazotokana na jeni moja iliyorithiwa ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Lakini kwa familia chache jeni hizo zina nguvu sana. Mbili zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba ya kwanza iko kwenye kromosomu ya 17. Yenyewe ikapatikana 1994, na ya pili mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizi ni kukarabati DNA iliyoharibika. Zikiharibika zenyewe, makosa hujikusanya kwenye seli. Mwanamke aliyerithi kosa katika mojawapo ana uwezekano wa zaidi ya 60 kati ya 100 wa kupata saratani ya matiti maishani, na hatari ya saratani ya ovari pia hupanda.

Dalili za kumfanya daktari ashuku ni hizi: mgonjwa alikuwa chini ya miaka 50, matiti yote mawili yaliugua, kuna saratani ya ovari katika ukoo, au mwanamume amepata saratani ya titi. Kuna kosa moja nalisikia kila mara: watu huhesabu upande wa mama tu. Baba huirithisha vilevile. Mwanamke ambaye shangazi zake watatu wameugua ana sababu ile ile ya kwenda kuuliza, hata kama mama yake ni mzima. Na wanaume wenye kosa la BRCA2 wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume. Hata bila BRCA, mwanamume ambaye baba au kaka yake aliugua tezi dume hatari yake ni kama maradufu, kwa hiyo aanze kuuliza kuhusu kipimo akiwa na miaka arobaini na kitu.

Kwetu Bomet watu wanne wamekufa kwa saratani ya umio. Hiyo ni jeni?

Huenda jeni zina mchango, lakini tazama kwanza jikoni. Watu wa familia moja hurithi jeni, na pia hurithi birika. Saratani ya umio iko juu katika sehemu hizo za Bonde la Ufa, na mojawapo ya mambo yanayoshukiwa ni chai inayonywewa ikiwa moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Pombe na tumbaku vina lawama yao pia. Hatari inayotokana na birika hupungua kwa kungoja dakika chache kabla ya kunywa. Ndiyo maana nasisitiza tofauti hii: ugonjwa kuwa wa familia hakumaanishi ni wa jeni.

Kaka yangu alikunywa dawa akakojoa mkojo wa rangi ya kokakola. Inahusiana na kurithi?

Inawezekana sana. Kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, ambao huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X na mwanamume anayo moja tu. Mtu huishi bila shida hadi anywe dawa fulani, kama primakwini au dapsoni, ndipo seli zake nyekundu zinavunjika kwa wingi. Mkojo wa namna hiyo ni dharura. Upungufu huu nao umeenea kwa sababu ya malaria. Kila daktari au mfamasia aambiwe.

Jambo jingine wachache hulijua: upungufu huu unaweza kufanya kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kisome chini ya hali halisi. Kama majibu yako hayalingani na vipimo vya kidole, mkumbushe daktari.

Nimeona vipimo vya mate vinavyouzwa mtandaoni. Ninunue?

Kwa pesa zako, mimi ningesubiri. Vipimo vingi vya namna hiyo hukadiria hatari kwa kutumia tafiti zilizofanywa kwa Wazungu. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilionyesha kwamba karibu watu 78 kati ya 100 walioshiriki tafiti za jeni na magonjwa walikuwa wenye asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama 2. Ukadiriaji uliopimwa kwa watu wa Ulaya hupotoka ukiletwa Kariobangi. Hata vile vya BRCA huangalia makosa machache tu, na jibu la "hakuna" linaweza kukupa amani ya uongo.

Kazi ya kuziba pengo hilo inaendelea, na mji wetu umechangia. Watu wazima wa Korogocho na Viwandani walitoa damu na muda wao kwa mradi wa AWI-Gen, unaochunguza jeni, presha, kisukari na unene katika nchi kadhaa za Afrika. Nawaheshimu sana watu hao. Faida yake si ndogo: ni kwa kuchunguza Wamarekani weusi ndipo ilipoonekana kwamba takriban 2.6 kati ya 100 wao wana kosa linaloizima jeni ya PCSK9, nalo halikuwadhuru. Kinyume chake, kolesteroli yao ilikuwa chini maisha yote, na hatari ya ugonjwa wa moyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 88. Dawa zinazoiga kosa hilo ziliidhinishwa 2015. Kwa hiyo jeni hukinga pia.

Matokeo yangu yanaweza kufika kwa mwajiri?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu data ya jeni kuwa taarifa nyeti. Uliza kabla ya kutoa damu: sampuli itapelekwa wapi, itahifadhiwa muda gani, na nani ataona majibu. Maabara isiyoweza kujibu maswali hayo matatu, ondoka.

Sina pesa za vipimo vya jeni. Nifanye nini?

Andika historia ya ukoo. Ni kipimo cha kalamu na daftari, na daktari mzuri hukithamini kuliko karatasi nyingi za maabara. Andika wazazi, ndugu, watoto, kisha babu na nyanya, mashangazi, wajomba, akina baba wakubwa na mama wadogo. Kwa kila mmoja mambo matatu: aliugua nini, akiwa na umri gani ulipoanza, na kama amefariki, kwa nini. Umri ndio watu husahau, nao ndio unaosema mengi. Babu aliyepata presha akiwa na 78 hanitishi. Mjomba aliyepata kiharusi akiwa na 41 ananifanya nivute kiti.

Shida ya Nairobi ni kwamba wanaojua hawako Nairobi. Kwa hiyo Desemba, ukishafika ushago, keti na nyanya yako jioni moja. Usimwulize "ukoo wetu una magonjwa gani", atakwambia hakuna. Mwulize marehemu kaka yake alikuwaje miezi ya mwisho. Alikonda? Miguu ilivimba? Alikuwa akinywa maji sana? Alikatwa kidole? Hapo utasikia kisukari ambacho hakikuwahi kupewa jina. Pia tunza vile vijitabu vya mazishi. Huandikwa "aliugua kwa muda mrefu" bila kutaja ugonjwa, lakini tarehe za kuzaliwa na kufa zipo, na mara nyingine jina la hospitali alikolazwa hukupa fununu.

Nimepatikana na jeni yenye hatari. Ni nani anayepaswa kujua?

Ndugu zako kwanza. Kosa la BRCA ulilorithi, kila ndugu yako wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa nalo. Na kwa selimundu, ndugu mzima wa mgonjwa wa SS ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa AS. Sikuijua hesabu hiyo hadi nilipokuwa mtu mzima na dada yangu amelazwa mara nyingi. Nilipima, nikawa AS. Kaka yetu mdogo alikuwa tayari ameanza mipango ya mahari. Nilisitasita siku mbili nikiogopa kuonekana naharibu furaha yake, kisha nikamwandikia: "Kaka, nimepima, mimi ni AS. Wewe pia huenda ukawa. Nenda na shemeji mtarajiwa mkapime pamoja, gharama ni yangu. Nawapenda nyote wawili." Walienda Jumamosi iliyofuata.